Kudaiwa hakumwondolei mtu haki yake

Mhariri,

Nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hawaendi ziwani, hivyo rejesho la mkopo likiangukia siku hizo nachelewa. Faini ya kuchelewa naikubali, nilisaini mwenyewe. Ila juzi niliomba taarifa ya akaunti, nikakaa barazani na binti yangu na kalamu nyekundu. Faini ileile ya shilingi 15,000 imekatwa mara mbili siku moja! Chini yake kuna ada ya huduma isiyomo kwenye mkataba.

Kwenye tawi la benki nikaambiwa nimalize deni kwanza ndipo nilalamike. Hapana, jamani. Kanuni za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinataka malalamiko yaanzie benki yenyewe. Usiporidhika, unakwenda Benki Kuu. Nikaandika barua, nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Zile 15,000 zimerudi, ada bado naidai.

Wenzangu wengi hapa mwaloni wanaogopa hata kuomba taarifa, wakidhani nyumba zao zitauzwa. Benki Kuu, tunaomba mje mtueleze kwa Kiswahili chepesi.

Muuza dagaa,
Kibirizi, Kigoma