Mafundi wa madishi, tuambieni ukweli kuhusu ving'amuzi viwili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe jambo lililonikaa rohoni tangu tarehe 19 Juni 2025, siku Rais Samia Suluhu Hassan alipofungua daraja la Kigongo–Busisi, linalovuka Ziwa Victoria. Ni jambo la ving'amuzi, lakini siwezi kulieleza bila kuanzia darajani.

Nimeuza chakula kivukoni Kigongo miaka 22. Wali kwa sato, chapati, chai ya rangi. Wateja wangu walikuwa madereva na abiria wa Sengerema, Geita na Bukoba waliokaa foleni wakisubiri kivuko kirudi kutoka ng'ambo. Usiku mmoja nilimshika mkono mama mjamzito aliyekuwa akipelekwa hospitali, kivuko kiko upande wa Busisi, na hatukuwa na la kufanya ila kusubiri. Kwa hiyo ujenzi ulipoanza mwaka 2020, kila asubuhi kabla sijawasha jiko nilitazama kwanza nguzo zimefikia wapi. Najua daraja limeondoa foleni, na foleni ndiyo iliyokuwa ikinilisha. Bado nililiombea liishe.

Mama yangu yuko Sengerema, umri umekwenda na miguu haimbebi tena. Ana runinga ndogo ya sola yenye tundu la flashi, haina king'amuzi. Alinituma kitu kimoja tu: nimletee sherehe ile kwenye flashi, aitazame kwa nafasi yake na kuirudia apendavyo. Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, na mimi nilikuwa zamu ya kumuuguza dada yangu hospitalini mjini. Nikategemea mashine zinifanyie kazi.

Enzi za deki za mikanda mambo haya yalikuwa rahisi. Deki ilikuwa na uwezo wake yenyewe wa kukamata chaneli. Waya wa antena ulipita kwenye deki kwanza, kisha kwenye runinga, na kila chombo kikachagua chake. Nyumbani kwetu watoto walitazama mpira huku deki ikirekodi kwaya kwenye chaneli nyingine. Dishi na king'amuzi vilipoingia, uhuru huo ukapotea. Kinachotoka kwenye king'amuzi cha kawaida ni chaneli moja tu, ile iliyochaguliwa kwa rimoti, na chombo chochote cha kurekodi kitapokea hiyohiyo. Ukitaka nyumba itazame hiki na wewe urekodi kile, unahitaji ving'amuzi viwili.

Nikanunua cha pili, cha kampuni ileile, na kadi yake, na malipo yake ya kila mwezi. Cha kwanza kikabaki sebuleni. Cha pili nikakiweka chumbani, kikaunganishwa na kompyuta ya mpwa wangu kwa zile nyaya za njano, nyeupe na nyekundu, kupitia kidude kinachoingiza picha kwenye kompyuta. Nilichagua njia hiyo kwa makusudi. Ving'amuzi vingine vinarekodi moja kwa moja kwenye flashi, lakini mara nyingi kilichorekodiwa kinafunguka kwenye king'amuzi kilekile tu. Ukichomeka flashi hiyo kwenye runinga ya Sengerema haioni kitu.

Fundi wa kwanza, ambaye simtaji, alikuja na splita ya shilingi 5,000. Dishi moja, waya mmoja kutoka juu, splita nyuma ya kabati, nyaya mbili kwenda kwenye ving'amuzi. Akawasha vyote viwili, akaviweka kwenye taarifa ya habari, vyote vikaonyesha safi. Akachukua ujira wake akaondoka. Mhariri, naomba wasomaji washike hapo: aliviweka vyote viwili kwenye chaneli ileile.

Siku ya daraja mpwa wangu alibonyeza kitufe cha kurekodi asubuhi, akaenda chuoni. Niliporudi jioni nikakaa kitandani na kompyuta mapajani. Dakika 40 za kwanza zilikuwa nzuri, watu wanafika, viti vinajaa, ziwa linang'aa nyuma yao. Halafu picha ikaganda, ikavunjika vipande vipande, yakatokea maandishi kwamba hakuna mawimbi. Nikasogeza mbele. Maandishi yaleyale. Nilirekodi saa mbili na nusu za maandishi yale.

Kwanza niliwalaumu watoto. Ving'amuzi vya aina moja vinasikia rimoti moja, kwa hiyo nilidhani wamebadilisha cha chumbani wakiwa mlangoni. Nikaziba jicho la king'amuzi cha chumbani kwa kipande cha boksi na gundi. Wiki iliyofuata tatizo likarudi palepale. Nikaenda dukani, muuzaji akanipa swichi ya matundu manne. Haikusaidia hata kidogo, na sasa najua kwa nini: swichi ile imetengenezwa kwa ajili ya king'amuzi kimoja kinachosoma madishi kadhaa. Shida yangu mimi ilikuwa kinyume chake.

Aliyenifumbua macho ni kijana mmoja wa Igoma aliyesomea umeme VETA. Hakupanda juu ya bati kwanza. Alisema, "Mama, naomba rimoti zote mbili." Akafungua ukurasa wa taarifa za mawimbi, akanionyesha kwamba chaneli zimegawanyika: nyingine zina herufi V, nyingine H. Mawimbi ya kundi moja yanakuja yamesimama wima, ya jingine yamelala. Kile kichwa kilicho mbele ya dishi, LNB, kikiwa cha tundu moja, hakiwezi kuleta makundi yote mawili kwa wakati mmoja. King'amuzi ndicho kinachokiagiza kipi kilete, na agizo linapanda kwa waya uleule kama umeme mdogo: volti 13 kwa V, volti 18 kwa H. Kuna na agizo la pili, mlio wa kilohezi 22 unaopanda humohumo, wa kuchagua masafa ya juu badala ya ya chini.

Nilielewa papo hapo, maana nimehudumia meza miaka mingi. LNB ya tundu moja ni mhudumu mwenye sinia moja. Wateja wawili wakiagiza kitu kimoja, wote wanakula. Mmoja akitaka kingine, mhudumu anamfuata mwenye sauti kubwa, na volti 18 inaizidi 13. Wajukuu zangu walipohamia katuni siku ile, katuni ikiwa kwenye kundi la H, king'amuzi cha sebuleni kiliagiza kwa volti 18. Sherehe ya daraja, iliyokuwa V, ikakatika chumbani. Watoto hawakugusa chochote kisicho chao. Nimewaomba radhi.

Dawa yake ilikuwa nyepesi kiasi cha kunitoa machozi. LNB ya matundu mawili, ambayo ndani yake ni kama LNB mbili zinazotumia dishi moja. Kila tundu na waya wake, kila waya na king'amuzi chake, splita ikatupwa. Kwa nyumba ya vyombo vinne ipo ya matundu manne. Kijana alitumia waya mzito wa dishi, si wa antena ya zamani, na kila kiungo cha nje akakifunga vizuri maji yasiingie. Mvua kubwa ikitoka ziwani usiku bado inaweza kukata mawimbi kwa muda. Hiyo simdai fundi.

Wako pia wanaounganisha king'amuzi cha pili kwenye tundu lililo nyuma ya cha kwanza, lile la kupitisha waya. Ni hadithi ileile. Cha kwanza kikiwa kazini, cha pili kinapokea kile tu ambacho cha kwanza kimeagiza.

Malalamiko yangu, Mhariri, si ya shilingi 5,000. Splita ina kazi zake, na kwenye antena ya kawaida inafaa kabisa. Kinachoniuma ni kwamba fundi alijua, au alipaswa kujua, na akanijaribia kwa namna ambayo kasoro isingeonekana. Muuzaji aliyeniuzia king'amuzi cha pili alinipigia hesabu ya kadi na kifurushi, lakini hakuniuliza swali hata moja: juu ya bati kuna LNB ya matundu mangapi? Swali hilo lingechukua muda mfupi kuliko kuandika risiti. Naomba makampuni yaliandike kwenye boksi kwa Kiswahili, mahali panapoonekana, kwamba anayeongeza king'amuzi aongeze na tundu la LNB na waya wake.

Na wewe msomaji, kabla hujamlipa fundi, shika rimoti. Acha king'amuzi kimoja kwenye chaneli yoyote, kaa mbele ya cha pili upitie chaneli zote taratibu, mwenzako akitazama kile cha kwanza. Chochote kati ya hivyo viwili kikikatika hata mara moja, fundi hajamaliza kazi. Kisha mbadilishane, mrudie, maana H inaiangusha V lakini V haiiangushi H. Mimi ningefanya hivyo kwa robo saa tu, leo ningekuwa na sherehe nzima.

Siku hizi navuka kwenda Sengerema kwa dakika chache juu ya zile kilomita 3, mahali ambapo zamani tulipoteza nusu siku. Mama ameziona zile dakika 40. Kila nikifika ananiuliza kama nimepata zilizobaki.

Ombi langu la mwisho nalipeleka kwa vituo vya runinga vilivyorusha sherehe ile. Kama mnayo yote, irudieni, na mtangaze siku na saa mapema. LNB yangu sasa ina matundu mawili, na king'amuzi cha chumbani kinasubiri.

Mama Kulwa,
Buhongwa, Mwanza.