Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Video Kuganda Katikati ya Onyesho

Ndugu wanachama,

Lalamiko kubwa la mwaka huu ni lile lile: muziki unaendelea, video imeganda, na programu ya DJ ya kuchezesha video ndiyo inayotupiwa lawama. Kamati ya ufundi haikubaliani. Uwe unatumia Resolume, VirtualDJ au Serato Video, mara nyingi kiini ni faili lenyewe.

H.264, muundo wa kubana video unaotumika sana, huhifadhi fremu (picha moja moja zinazounda video) kamili chache; zilizo katikati huandikwa kama mabadiliko tu. Kwa mtazamaji wa kawaida hilo halina shida. DJ akipiga skrachi, akirudisha nyuma au akirukia alama aliyoiweka ndani ya video, programu hulazimika kurudi kwenye fremu kamili iliyotangulia na kufungua zote zinazoifuata hadi ile inayotakiwa. Kisimbaji cha x264, yaani programu inayotengeneza faili za H.264, kisiporekebishwa huruhusu pengo la hadi fremu 250 kati ya fremu kamili. Hapo prosesa huelemewa. Tengeneza upya faili kwa pengo lisilozidi fremu 15, au bora zaidi, kama programu yako inaikubali, tumia miundo ya video ya HAP au DXV, ambamo kila fremu inajitegemea na hufunguliwa na kadi ya picha.

Gharama ya miundo hiyo ni ukubwa wa faili. HAP ya kawaida ya 1920 × 1080 hufikia takriban MB 1 kwa fremu, yaani MB 30 kwa sekunde kwa video ya fremu 30. USB 2.0 kwa vitendo hupitisha MB 35 hadi 40 kwa sekunde. Video moja itapita kwa taabu; ukianza kuchanganya mbili, zote zinakwama. SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) kwenye USB 3 humaliza tatizo. Diski ya kuzunguka haifai, hata ikiwa mpya, maana kichwa chake huhangaika kati ya faili mbili.

Rekodi za simu zina ugonjwa wake: kasi ya fremu hupanda na kushuka, picha ikaachana na sauti kidogo kidogo. Zigeuzwe ziwe na kasi moja kabla ya kuingia maktabani.

Kuhusu skrini: projekta ikizimwa na kuwashwa, kompyuta husoma upya EDID, yaani taarifa ambazo projekta huipa kuhusu vipimo vya picha inavyoviweza, na huenda ikabadili vipimo vya picha au kuhamisha dirisha. Kifaa kidogo cha kuigiza EDID huzuia hilo. Kwa umbali unaozidi mita 15, acheni HDMI ya shaba, tumieni SDI, kebo ya video ya kitaalamu.

Kuanzia sasa, hakuna kusasisha mfumo wiki ya onyesho. Kila mashine ijaribiwe saa mbili mfululizo, video mbili zikichanganywa, chaja ikiwa imechomekwa. Kwenye betri laptopu nyingi hupunguza nguvu ya kadi ya picha. Jaribio la dakika tano ni la kujifurahisha tu, kwani joto bado halijapanda.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Wanaotaka kugeuziwa maktaba zao kuwa HAP walete diski yenye nafasi ya kutosha: dakika moja inaweza kufikia GB 1.9.

Mwenyekiti