Maili ya Diane Leather na klabu iliyomlea

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma makala yenu kuhusu mbio za maili moja na rekodi ya Faith Kipyegon, dakika 4 na sekunde 7.64, aliyoiweka Monaco tarehe 21 Julai 2023. Mwandishi ameifanya kazi yake vizuri. Kilichonisikitisha ni kwamba alimtaja Roger Bannister, Mwingereza aliyekuwa mtu wa kwanza kuikimbia maili chini ya dakika 4, mwaka 1954, kisha akaruka moja kwa moja hadi kwa Kipyegon, kana kwamba kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kuikimbia maili. Alikuwepo. Tena alikimbia mwezi uleule wa Bannister, katika nchi ileile.

Bannister alishuka chini ya dakika 4 mjini Oxford tarehe 6 Mei 1954. Siku 23 baadaye, tarehe 29 Mei, huko Birmingham, binti wa miaka 21 aitwaye Diane Leather, mkemia kwa kazi yake, alimaliza maili kwa dakika 4 na sekunde 59.6. Akawa mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 5. Siku tatu kabla ya hapo alikuwa amekimbia dakika 5 na sekunde 0.2. Mtu yeyote aliyewahi kushika saa kwenye mbio za vijana, kama nilivyofanya mimi kwa miaka mingi, anajua mkimbiaji analalaje usiku wa siku kama hiyo.

Bannister akajulikana dunia nzima. Muda wa Leather haukuandikwa hata kama rekodi, kwa sababu shirikisho la kimataifa la riadha lilikuwa halitambui rekodi ya maili kwa wanawake, na halikuitambua hadi 1967. Ubaguzi huo ulikuwa na historia. Katika Olimpiki ya Amsterdam ya 1928, wanawake walikimbia mita 800, na magazeti yakatia chumvi habari za wanawake walioanguka kwa uchovu. Mbio hizo zikafutwa. Hadi kizazi cha Leather, mwanamke alikuwa haruhusiwi kukimbia zaidi ya mita 200 kwenye Olimpiki. Mita 800 ziliporudi, mjini Roma mwaka 1960, Leather alikuwapo, lakini miaka yake bora ilikwisha kupita na akatolewa kwenye raundi ya mchujo. Alikuwa ameteremsha muda wake wa maili hadi dakika 4 na sekunde 45 mwaka 1955, na ameshinda medali mbili za fedha za mita 800 katika mashindano ya Ulaya, 1954 na 1958.

Lakini siandiki kwa ajili yake peke yake. Leather hakujifunza kukimbia peke yake barabarani. Alikuwa mwanachama wa Birchfield Harriers, klabu ya ridhaa iliyoanzishwa Birmingham mwaka 1877, na kocha wake, Bi Nelson Neal, alikuwa wa hapohapo klabuni. Jina Harriers linatokana na mbwa wa kuwindia sungura. Zamani vijana wa Uingereza walikuwa na mchezo ambamo wawili watatu, ndio sungura, hutangulia wakidondosha vipande vya karatasi mashambani, na wengine huwafuata kwa kuzisaka karatasi hizo. Mbio za nyika tunazozijua leo zimetoka huko. Nembo ya klabu ni paa dume anayekimbia, na wito wao kwa Kiswahili ungekuwa “wepesi na huru”.

Wasomaji wenu wamekwisha kuiona klabu hii bila kujua. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, 1970, Kipchoge Keino alishinda mita 1,500, lakini kwenye mita 5,000 akaambulia nafasi ya tatu. Aliyeshinda siku hiyo, Ian Stewart, mzaliwa wa Birmingham aliyeiwakilisha Uskoti, alikuwa mtu wa Birchfield. Ndiye aliyetwaa medali ya shaba ya umbali huohuo kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, na ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mjini Rabat mwaka 1975. Ashia Hansen, aliyeruka miruko mitatu kwa mita 15.16 ndani ya ukumbi mjini Valencia mwaka 1998 na kuweka rekodi ya dunia, ni wa klabu hiyo. Denise Lewis, bingwa wa heptathloni, yaani michezo saba ya riadha kwa mpigo, kwenye Olimpiki ya Sydney 2000, ni wa klabu hiyo. Katharine Merry, aliyepata shaba ya mita 400 kwenye Olimpiki hiyohiyo, naye pia. Na kwenye Olimpiki ya Athens 2004, katika mbio za kupokezana vijiti za mita 100 mara nne, mwana Birchfield mwingine, Mark Lewis-Francis, alipokipeleka kijiti hadi mwisho huku Maurice Greene wa Marekani akimfukuzia, Uingereza ikashinda kwa tofauti ya sekunde 0.01.

Hivi vyote vilitoka kwenye klabu ya watu wanaojitolea. Kuna anayepiga chokaa uwanjani, kuna anayeandika majina ya watoto siku ya mvua, kuna anayefua jezi. Wengi wao hatutawajua kamwe. Mmoja tu ndiye tunayelitaja jina lake, tena mara nyingi bila kujua. Mwaka 2022 Ferdinand Omanyala alishinda mita 100 za Jumuiya ya Madola kwa sekunde 10.02, na Mary Moraa akashinda mita 800, katika Uwanja wa Alexander, Birmingham. Watangazaji walilirudia jina hilo wiki nzima. Alexander hakuwa mfalme wala tajiri aliyetoa fedha za ujenzi. W. W. Alexander alikuwa katibu wa Birchfield Harriers. Uwanja wa zamani wa klabu, uliofunguliwa 1929, ndiko Leather alikokimbilia maili yake, nao ulibeba jina la Alexander, na huu wa sasa, uliofunguliwa 1976, ukarithi jina hilo.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Toleo lijalo lirekebishe makala ile kwa sentensi chache: Diane Leather, Birchfield Harriers, 29 Mei 1954, dakika 4 na sekunde 59.6. Na mwandishi wenu atakapoandika tena kuhusu bingwa yeyote, aulize pia alianzia klabu gani na nani alimshikia saa, kisha aandike majina hayo.

Wako,
Msomaji na mpenzi wa riadha