Suti nyeusi imetoka kama mkaa? Shida sio wino

Msimu wa korosho ukichangamka harusi nazo zinafuatana hapa Mtwara, Ligula mpaka Mikindani, na malalamiko dukani kwetu tunakochapa picha ni yale yale: "mbona kwenye simu suti ya bwana harusi naona mpaka vifungo, kwenye karatasi nyeusi tupu?" Wengi wanahisi tumebania wino. Wino upo, tena hapo ndo umejaa.

Iko hivi, karatasi haiwezi kutoa weusi mzito kama wa kioo cha simu yako, hasa karatasi isiyong'aa, ile hata uimwagie wino vipi inabaki na ukijivu fulani. Sasa koti lina weusi wa aina nyingi, kola, mfuko, mkunjo wa kiwiko, na weusi wowote uliozidi uwezo wa karatasi printa inaugeuza nyeusi moja tu, mkunjo kwisha. Kwenye Photoshop, programu ya kuhariri picha, kuna kiboksi cha kutiki kinaitwa blaki pointi kompenseisheni, Adobe wenye Photoshop ndo walikuja nayo na 2015 ikaingia kwenye viwango vya kimataifa vya ISO, namba 18619. Ukikitiki, nyeusi ya mwisho ya picha inapelekwa kwenye nyeusi ya mwisho ya karatasi na zingine zinajipanga juu yake, kwa hiyo vifungo vinarudi ila picha inapungua makali kidogo. Mi naona bora hivyo. Ila kama kamera yenyewe haikunasa kitu kwenye kiza, hapo hakuna kiboksi kitakachosaidia jamani.

Hiyo inafanya kazi kama profaili ni sahihi. Profaili ni kafaili kanakoiambia kompyuta printa hii, kwa wino huu, kwenye karatasi hii, inatoa rangi gani. Ukibadilisha kimoja tu haifai tena, ndo maana ukija na karatasi yako ya kununua kwingine tunasita, sio roho mbaya. Na rangi inapangwa sehemu moja, ama Photoshop ama printa, zikipanga zote mbili sura za watu zinaweza kutoka nyekundu nyekundu.

Picha kubwa ya ukutani tunaanza na kipande cha koti tu, ukikikubali ndo tunatoa nzima. Ukituma kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kawaida inabanwa, na usiiongeze mwanga kwanza, tuachie sisi.