Barua kwa Mwanangu Aliyeko Aachen

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba baridi ya huko umeanza kuizoea na masomo ya uhandisi yanakwenda vizuri. Mwishoni uliniuliza, nadhani kwa mzaha kidogo, imekuwaje mji mzima wa Aachen, huko Ujerumani, ujivunie Charlemagne, mfalme wa kale wa Wafranki ambaye hakujua kuandika, tena umwite mhuishaji wa elimu. Unamjua mama yako: ukimwuliza mwalimu wa historia swali kama hilo, hata akiwa amestaafu, uwe tayari kwa jibu refu.

Habari ya kutojua kuandika haikuzushwa na maadui zake. Tunaipata kwa Einhard, mtu wa baraza lake aliyempenda sana, ambaye anasimulia kwamba Charlemagne alikuwa akiweka vibao na kurasa za ngozi chini ya mito ya kitanda chake, ili apatapo nafasi auzoeze mkono wake kuchora herufi. Lakini hakufika mbali, kwa kuwa alianza akiwa na umri mkubwa. Huyo huyo Einhard anasema kwamba mfalme alizungumza Kilatini kama lugha yake mwenyewe, na Kigiriki alikielewa kuliko alivyoweza kukisema. Zama zile kuandika ilikuwa kazi ya makarani na watawa, na mfalme aliyeanza kujifunza kazi hiyo uzeeni alikuwa akifanya jambo ambalo hakuna aliyemlazimisha.

Alipotawazwa mwaka 768, alirithi ufalme wenye nguvu za kivita na udhaifu mkubwa wa kalamu. Katika waraka wake kwa nyumba za watawa, nakala moja ikipelekwa kwa Baugulf, abati (yaani mkuu wa nyumba ya watawa) wa Fulda, analalamika kwamba barua anazopokea kutoka kwao zina maana njema lakini lugha mbovu, na kwamba anahofu watu wasioweza kuandika sawasawa wasije wakashindwa pia kuyaelewa Maandiko Matakatifu. Hofu hiyo ndiyo chanzo cha yote yaliyofuata. Mwaka 789 alitoa amri kwamba katika nyumba za watawa na makao ya maaskofu ziwepo shule za kuwafundisha wavulana zaburi, uimbaji, hesabu za kalenda na sarufi, na kwamba vitabu vya ibada visahihishwe kwa uangalifu. Kwa hiyo wanapokuambia kwamba huo ulikuwa uamsho wa sanaa na elimu, kumbuka kwamba wenyewe waliuona kama usahihishaji. Hakuna aliyetaka kuvumbua jambo jipya.

Walimu aliwatoa nje. Mwaka 781, mjini Parma, alikutana na Alcuin, mwalimu wa shule ya York huko Uingereza, akamwomba ahamie kwake. Peter aliyemfundisha sarufi alitoka Pisa; Paulo Shemasi alikuwa Mlombardi, mtu wa taifa ambalo Charlemagne alikuwa amelishinda vitani mwaka 774; na Theodulf, aliyekuja kuwa askofu wa Orléans, alikuwa Mgothi wa upande wa Hispania. Theodulf huyo aliwaagiza mapadre wake wafungue shule vijijini na wasidai ada yoyote, wapokee tu kile ambacho wazazi watatoa kwa hiari. Nilipolisoma agizo hilo kwa mara ya kwanza nilistaajabu, maana ni jambo ambalo nchi nyingi za leo bado zinalijadili bungeni.

Lakini jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni mwandiko. Kabla ya hapo kila eneo la Ulaya lilikuwa na mtindo wake, herufi zikifungamana na maneno yakishikana, kiasi kwamba mtawa wa nyumba moja aliweza kuhangaika na kitabu cha nyumba nyingine. Katika nyumba kama Corbie, na baadaye Tours ambako Alcuin alikuwa abati kuanzia mwaka 796 hadi kifo chake mwaka 804, ulikuzwa mwandiko wa herufi ndogo za mviringo, kila moja ikisimama peke yake, maneno yakizidi kuachiwa nafasi baina yake. Karne nyingi baadaye wasomi wa Italia walizikuta nakala hizo, wakadhani ni za Warumi wa kale, wakaziiga, wachapaji wakazifuata. Hata Kiswahili kilipoanza kuchapwa kwa herufi za Kilatini katika karne ya 19, kando ya zile za Kiarabu ambazo wazee wetu waliandikia tenzi, maumbo ya herufi ndogo yaliyotufikia yalikuwa na asili hiyo. Herufi za barua hii nazo zimetoka huko.

Usidhani kazi hiyo ilikuwa nyepesi. Biblia moja kubwa ya Tours ilihitaji ngozi za wanyama wapatao 200, na watawa wa huko walitoa takriban Biblia mbili kamili kwa mwaka. Huko Chelles, ambako Gisela, dada yake mfalme, alikuwa mkuu wa nyumba, watawa wa kike walimnakilia askofu mkuu wa Cologne ufafanuzi wa Agostino juu ya Zaburi, na majina yao wakayaandika katika sehemu walizozinakili. Shairi la Lucretius, mshairi wa Roma ya kale, na kitabu cha Caesar juu ya vita vya Galia, yaani Ufaransa ya kale, nakala kongwe tulizonazo ni za karne ya 9. Watu hao wasingezinakili, leo tungekuwa tunayajua majina tu. Kuna barua moja ya abati Lupus wa Ferrières ambayo hunichekesha kila niisomapo: anamwomba radhi askofu mkuu Hincmar wa Reims kwa kutompelekea kitabu cha Beda, mtawa msomi wa Uingereza, kwa sababu ni kikubwa mno kuweza kufichwa kifuani au mkobani, naye anaogopa wanyang'anyi wasije wakavutiwa na uzuri wake.

Nisikufiche upande wa pili. Mwaka 782, wakati walimu hao wakikusanyika, Charlemagne aliamuru Wasaksoni, watu wa kaskazini mwa Ujerumani ya leo waliokuwa bado wapagani, wauawe huko Verden, na kumbukumbu za Wafranki wenyewe zinataja watu 4,500. Vita dhidi ya Wasaksoni vilidumu zaidi ya miaka 30, na wengi walibatizwa kwa upanga. Alcuin aliandika kupinga ubatizo wa kulazimishwa na zaka zilizotozwa kwa ukali, na kwangu mimi barua hizo zina thamani kuliko vitabu vyake vyote vya sarufi.

Mtu ambaye kwangu ndiye ushahidi mkubwa kwamba elimu ile ilivuka kuta za ikulu ni mama mmoja, Dhuoda, aliyeishi Uzès, kusini mwa Ufaransa. Mume wake, Bernard, alimpeleka mtoto wao William, kijana wa miaka 14, katika baraza la mfalme Charles, mjukuu wa Charlemagne, awe dhamana ya uaminifu wa baba yake. Na mtoto wa pili alichukuliwa akiwa mchanga, mama hajaambiwa hata jina lake. Kati ya mwaka 841 na 843 aliandika kwa Kilatini kitabu kizima cha nasaha kwa William, chenye mashairi ambayo herufi za mwanzo wa mistari zikiunganishwa hutoa ujumbe. Hakuwa mtawa, wala hakuwa mke wa mfalme. William naye aliuawa mwaka 850 katika ugomvi ule ule wa madaraka uliokwisha kumuua baba yake.

Sasa nenda katika kanisa kuu la hapo Aachen, ambalo sehemu yake ya kati alijenga Charlemagne. Mozaiki zinazong'aa juu ya kuba zisikudanganye. Ni za karne ya 19. Tazama badala yake umbo la pembe nane, lililofuata mifano kama kanisa la San Vitale la Ravenna, Italia, kisha milango na vizuizi vya shaba nyeusi vya ghorofani, ambavyo ni vya enzi za Charlemagne mwenyewe. Einhard anasema nguzo zililetwa kutoka Roma na Ravenna. Wanajeshi wa Ufaransa walizing'oa mwaka 1794, na baadhi bado ziko Paris. Wewe ni mhandisi: chunguza jinsi uzito wa kuba unavyoshushwa hadi chini, kisha uniandikie, maana hilo ndilo jambo ambalo vitabu vyangu havijanieleza vizuri.

Nakutakia heri,

Mama yako