Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: wagonjwa wa akili nao wafunguliwe rejesta

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mheshimiwa Waziri, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili katika hospitali ya wilaya, na nina ombi moja. Kila mtu mzima anayetibiwa ugonjwa mkubwa wa akili nchini, iwe skizofrenia (kusikia sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo), baipola (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) au sonona kali, aandikwe kwa jina katika rejesta ya wilaya yake, na kila robo mwaka wilaya ieleze yuko wapi na anaendeleaje.

Leo hatuwezi kueleza. Madaftari ya MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, tunayojaza kila siku yanahesabu mahudhurio. Mgonjwa akija mara sita anaonekana mara sita. Akiacha kuja, hakuna mstari unaobaki wazi kutuuliza ameenda wapi. Anaruhusiwa kutoka hospitali ya rufaa, anapewa karatasi, anaambiwa aendelee na kliniki ya karibu na nyumbani. Kliniki hiyo haina habari kwamba kuna mtu anakuja. Akifika, vizuri. Asipofika, tutamwona siku atakapoletwa amefungwa kamba, na ndugu zake au na polisi. Na kama kadi imepotea anafunguliwa faili jipya, anahesabiwa mgonjwa mpya, na tunaanza kubahatisha ni sindano gani aliyokuwa akichomwa na alichomwa lini mara ya mwisho.

Ninachokuomba si kitu cha kigeni, kwa sababu nchi hii iliwahi kuufundisha ulimwengu jinsi ya kukifanya. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na daktari Karel Styblo, akishirikiana na wataalamu wetu, akaujenga juu ya rejesta ya wilaya. Kila mgonjwa aliandikwa jina, anakoishi, kama ni mpya au anarudia matibabu, na majibu ya makohozi kadiri miezi ilivyosonga. Nguvu yake ilikuwa katika hesabu ya mwisho. Wagonjwa wote walioandikishwa katika robo moja ya mwaka walifuatwa kama kundi, na kila jina lilipaswa kuishia mahali: amepona, amemaliza dawa, amefariki, amehamia, au amepotea. Jumla ilipaswa kulingana na idadi ya walioanza. Mratibu wa wilaya hakuweza kuripoti waliopona tu na kuwanyamazia wengine. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mkakati wa DOTS wa kutibu kifua kikuu kwa usimamizi wa karibu katikati ya miaka ya 1990, lilichukua sehemu kubwa ya yale yaliyojaribiwa hapa kwetu. Baadaye wenzetu wa CTC, kliniki za tiba na matunzo, wakafuata njia hiyohiyo kwa wanaoishi na VVU: wana kadi, wana tarehe ya miadi, na mteja mtoro anatafutwa.

Wagonjwa wa akili hawatafutwi, ingawa ugonjwa wenyewe mara nyingi ndio unaomwambia mtu kwamba haumwi na dawa hazimhusu.

Hata dawa zingepatikana kwa uhakika zaidi. Kituo huagiza dawa kikiangalia matumizi ya miezi iliyopita. Haloperidol, dawa ya skizofrenia, ikiisha, wagonjwa wanarudi nyumbani mikono mitupu, na wengi hawarudi tena, maana nauli ya kuambiwa "hakuna" ni nzito. Matumizi yanashuka kwenye karatasi. Oda inayofuata inakuwa ndogo, na upungufu unaonekana kama kwamba mahitaji yenyewe yamepungua. Dawa za kifua kikuu huombwa kwa kuhesabu watu walioandikishwa. Tukijua kwamba wilaya ina watu kadhaa wanaochomwa sindano ya flufenazini, dawa ya skizofrenia, kila mwezi, Bohari ya Dawa itajua cha kutuletea, na tukikosa, tutaweza kutaja ni nani hasa amekosa.

Mheshimiwa Waziri, naomba nikae kidogo kwenye vifo, kwa sababu hapo ndipo ukimya wetu unaponiumiza zaidi. Denmark imekuwa na rejesta ya kompyuta ya wagonjwa wa akili tangu mwaka 1969. Takwimu za Denmark, Finland na Sweden zimeonyesha kwamba watu wenye magonjwa makubwa ya akili hufa takriban miaka 15 hadi 20 mapema kuliko wenzao, na hizo ni nchi tajiri. Karibu na sisi, Ethiopia, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Butajira kuanzia mwaka 1998, wakawahoji watu wazima zaidi ya 68,000, kisha wakawafuatilia wagonjwa waliowapata kwa miaka kumi. Waliofariki walikufa takriban miongo mitatu mapema kuliko ilivyotarajiwa, karibu nusu yao kwa magonjwa ya kuambukiza. Hayo ni magonjwa ambayo tunayatibu kila siku katika vituo vyetu. Hapa kwetu mgonjwa wa kliniki yangu akifa kijijini kwa nimonia, faili lake hubaki kabatini kama la mtu aliyechelewa miadi.

Rejesta yenyewe iwe nyepesi. Tafadhali isianze na mfumo mkubwa wa kompyuta utakaosubiri mtandao na mafunzo hadi tusahau tulichokusudia. Daftari lililochapwa vizuri linaweza kuanza kazi, na mifumo ifuate. Iandikwe aina ya ugonjwa, dawa, tarehe ya miadi, namba ya simu ya ndugu aliyekubaliwa na mgonjwa mwenyewe, uzito na shinikizo la damu. Kwa wanaotumia lithiamu, dawa ya baipola, iwepo nafasi ya vipimo vya damu na figo, kwa sababu dozi ikizidi kidogo inageuka sumu. Wagonjwa wa kifafa, ambao ni wengi mno katika kliniki zetu, wapewe daftari lao, la sivyo takwimu zitachanganyika na hatutaelewa lolote. Na kwa kuwa wengi hawa hawatakuwa na siku ya "amepona" kama wa kifua kikuu, safu ya matokeo iulize mambo ambayo familia inayajali: analala? Anafanya shughuli zake? Amelazwa tena? Je, amefungwa nyumbani? Sonona ina dodoso lake la maswali tisa ya kupima ukali wake (PHQ-9) linalotumika duniani kote, linatosha.

Wapo watakaoogopa, na wana haki. Huko Ujerumani, kuanzia mwaka 1939, hospitali ziliamriwa kujaza fomu za wagonjwa wa akili, na fomu hizo zikatumika kuwachagua wa kuuawa. Hadi Agosti 1941 zaidi ya watu 70,000 walikuwa wameuawa kwa gesi. Orodha ya wagonjwa si karatasi ya kawaida. Kwa hiyo majina yabaki wilayani, chini ya kufuli, na kinachopanda mkoani na wizarani kiwe idadi tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitambua taarifa za afya kuwa nyeti. Kanuni za rejesta ziseme waziwazi kwamba mwajiri, polisi na mwenyekiti wa kijiji hawana ruhusa ya kuifungua. Hili ni zito zaidi kwa aliyejaribu kujiua, kwani Kanuni ya Adhabu bado inalihesabu jaribio hilo kuwa kosa. Mtu hatatueleza ukweli akihisi kwamba kalamu yangu inaweza kumfikisha mahakamani. Naomba wizara yako isimame bungeni kutaka kifungu hicho kiondolewe.

Najua vituo vya wilaya viko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, na jambo hili litahitaji saini mbili. Litahitaji pia mtu wa kutoka kwenda kumtafuta mgonjwa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa mpango jumuishi uliozinduliwa mwaka 2024 wapo, wanazijua kaya zao kwa majina. Wapewe mafunzo ya kuzungumza na mtu aliyeacha dawa bila kumtisha, wapewe nauli, na orodha ya waliokosa miadi iwafikie ndani ya wiki moja.

Anza na mikoa michache, ukiwemo Dodoma ilipo Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, ili kila anayeruhusiwa pale awe ameshaandikwa wilayani kwake kabla hajapanda basi. Baada ya mwaka mmoja, itangaze hadharani idadi ya walioandikishwa, waliobaki kwenye matibabu, waliopotea na waliofariki. Hata zikiwa mbaya, zitangaze.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi wa afya ya akili