Wasafiri, wapelekeeni watu picha zao

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wako wa safari wa Jumapili iliyopita ulikuwa na picha nzuri sana ya mchuuzi wa samaki pale Feri, ndoo kichwani, jua la asubuhi limempiga upande mmoja wa uso. Chini yake mliandika "Mchuuzi akiwa sokoni, Dar es Salaam". Jina la mpiga picha lilikuwepo, la mchuuzi halikuwepo. Naomba nafasi niseme neno juu ya hilo, maana picha ndiyo kazi yangu. Nina studio Magomeni, na nimeianza kazi hii enzi za kusafisha filamu gizani.

Mwaka jana walikuja kwangu vijana wawili waliofiwa na baba yao. Mzee alikuwa mpaa samaki hapo hapo Feri. Walitaka picha ya kuweka kwenye jeneza, na walichokuwa nacho ni picha ya harusi ya jirani iliyokwisha kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: baba kasimama nyuma ya watu, nusu ya uso imezibwa na kofia ya mtu mwingine. Nikaivuta, uso ukawa madoa matupu. Yule mkubwa akasema, "Mzee wetu kapigwa picha kila siku na wazungu, na Wachina, na hata vijana wa hapa wenye makamera makubwa." Namwamini. Aliyewahi kufika Feri saa kumi na mbili asubuhi, mashua zinapoingia, ameona jinsi kamera zinavyoelekezwa kwa wale wapaa samaki. Kwa hiyo mahali fulani, kwenye kompyuta ya mtu, ipo picha ya mzee yule, safi, macho yanaonekana, magamba yamemganda mikononi. Wanawe wakamzika baba yao na kile kidoa.

Jambo hili ni la dunia nzima. Mwaka 1984 Steve McCurry, Mmarekani, alimpiga picha msichana wa Kiafghanistan katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh, karibu na Peshawar, Pakistan. Juni 1985 picha ikatoka kwenye jalada la jarida la National Geographic, na sura ile ikajulikana kila pembe. Jina lake hakuna aliyeliandika. Alipotafutwa na kupatikana mwaka 2002, mtu mzima mwenye watoto, ndipo watu wakajua anaitwa Sharbat Gula, na ndipo mwenyewe alipoiona picha ile kwa mara ya kwanza. Miaka 17 ilikuwa imepita tangu itoke.

Ninaowaandikia hasa ni vijana wetu wanaosafiri wenyewe, bila kampuni ya utalii, begi mgongoni na nauli mfukoni. Wamekuwa wengi, na ninafurahi kuwaona. Wanapanda SGR hadi Dodoma, kisha basi la Kondoa, waone michoro ya miambani pale Kolo. Wengine wanapanda TAZARA hadi Kapiri Mposhi, Zambia, kilomita 1,860, na kuendelea mbele. Aliyekuja na gari la watalii anapiga picha huku dereva anamwita, lakini ninyi mna muda. Mnakaa kiti kimoja na watu, mnakula nao wali kwa mama lishe, mnalala kwenye mji wao. Kumuuliza mtu jina hakuwapunguzii kitu.

Nami husafiri hivyo kila nipatapo nafasi. Kilwa Kivinje nilimkuta fundi akikalafati jahazi ufukweni. Anasokota pamba yenye mafuta, anaishindilia katikati ya mbao mbili kwa patasi na nyundo, huku kategesha sikio. Mlio ukibadilika anajua pamba imekaa, anasogea mbele kidogo. Nilikaa naye mpaka jua likahamia upande wetu. Niliomba ruhusa, nikampiga, nikaandika kwenye daftari jina lake na namba ya simu ya mwanawe. Niliporudi Dar nikachapa picha mbili, nikazibana katikati ya maboksi, nikampa kondakta wa basi la Kilwa pale Mbagala. Baadaye mwanawe akanipigia: moja iko sebuleni, ya pili mzee anatembea nayo, anawaonyesha wanaokuja kuagiza majahazi.

Msiseme WhatsApp inatosha. Tumeni, ni vizuri, lakini simu inaibiwa, inaanguka majini, na picha inakwenda nayo. Ya karatasi inakaa. Kwangu picha ya inchi 4 kwa 6 ni shilingi 1,000. Mkienda mbali kusiko na namna ya kutuma, zipo kamera ndogo zinazotoa picha papo hapo. Karatasi zake ni ghali, basi wekeni kwa ajili ya wazee na wasio na simu. Mtoto, ombeni kwa mzazi wake. Na mtu akikataa, amekataa. Funga kamera, nunua samaki wake kama ulikuwa na nia ya kununua, endelea na safari.

Kwako Mhariri nina ombi moja. Usipokee picha ya safari yenye sura ya mtu bila jina lake, ila kama mwenyewe hakutaka litajwe. Wapiga picha wataanza kuuliza majina wakijua bila jina picha haitoki. Nami natoa ahadi kwa wasomaji wako: mwezi huu wote, msafiri atakayeniletea picha ya mtu aliyempiga kwa ruhusa, pamoja na jina na mahali anapopatikana, nitamchapia nakala moja ya kumpelekea mwenyewe, bila malipo. Bahasha na nauli ya basi ni juu yake.

Mwenye studio ya picha,
Magomeni, Dar es Salaam